Waya Mmoja na Daftari la Namba za Taa

Risala ya Kikundi cha Mafundi Magari wa Majengo, Mpanda, kwa mgeni rasmi, siku ya kurudishwa kazini kwa gari la wagonjwa, Oktoba 1998

Mgeni rasmi, Ndugu Mratibu wa Mradi wa Usafiri wa Wagonjwa Vijijini kutoka Sumbawanga. Viongozi mliokaa kivulini. Wananchi mliosimama juani:

Tunakukaribisha Majengo. Tunajua umesafiri kwa taabu, maana gari lako tumeliona. Tutalirudia baadaye.

UTAMBULISHO

Sisi ni mafundi kumi na mmoja. Karakana yetu ni uzio wa mabati, shimo moja la kuingilia chini ya gari, na meza iliyotengenezwa kwa mlango wa lori. Risala hii inasomwa na katibu wetu, Specioza, mwenye stashahada ya ufundi wa magari. Stashahada hiyo tunaitaja kwa sababu mtaalamu wenu alipofika hapa alimwangalia katibu, akauliza kama huyu dada ndiye anayewapikia mafundi.

HISTORIA YA GARI

Gari tunalolizungumzia ndilo hili jeupe lililoegeshwa nyuma yako. Lilishushwa kwenye behewa pale stesheni mwaka 1996, nasi tukalipigia makofi kama wengine. Ni gari la petroli, na injini yake inaongozwa na kompyuta ndogo iliyofichwa chini ya dashibodi. Kompyuta hiyo ikigundua hitilafu huwasha taa ya manjano mbele ya dereva. Haisemi hitilafu ni ipi. Inasema tu kwamba ipo, kama ofisi fulani tunazozifahamu.

Taa hiyo iliwaka mwezi Februari mwaka huu. Injini ikaanza kutoa moshi mweusi, na ikishapata moto inazima. Dereva wa gari, Ndugu Dionizi, alitoa taarifa siku hiyohiyo. Ofisi ya mradi ikamwandikia barua wakala wa kampuni ya gari hilo aliyeko Dar es Salaam, na mwezi Aprili wakala akamleta mtaalamu kwa treni.

Mtaalamu alikuja na kifaa ndani ya sanduku la bati linalong'aa. Alikichomeka kwenye gari, kisha akajifunika koti kichwani, yeye na kioo cha kifaa chake, kama mgonjwa wa malaria anayejifukiza. Alipotoka kwenye koti alikuwa na jasho na jibu: kompyuta imekufa, iagizwe nyingine ng'ambo, na gari lipakiwe kwenye treni lirudi Dar.

Mwenzetu Mabula alimuuliza kwa heshima zote kifaa kimeonyesha namba gani. Mtaalamu alicheka. Akasema, "Hizo namba ni siri ya kampuni, mzee. Nyie huku kazi yenu nyundo."

Akafunga sanduku, akaondoka na treni iliyomleta. Kompyuta haikuja. Behewa la kulibeba gari halikupatikana. Gari likakaa juu ya mawe miezi mitano, na ofisi yako ikatoa amri kwamba asiliguse mtu.

Miezi hiyo mitano wagonjwa wa kijiji cha Mamba waliletwa kwa baiskeli na tela la trekta. Mama mmoja, Marta, aliletwa kwa mkokoteni wa ng'ombe akiwa na uchungu wa siku ya pili. Yeye alipona. Mtoto wake tulimzika hapa mjini, kwa kuwa kumrudisha Mamba kulihitaji usafiri.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, baada ya mazishi hayo tuliacha kusubiri.

Katibu wetu alikumbuka kutoka chuoni kwamba kompyuta za aina hii hueleza ugonjwa wao kwa kupepesa taa. Ukifungua kisanduku kidogo chini ya boneti na kuunganisha matundu mawili kwa waya, taa ya manjano huanza kuwaka na kuzima. Kila hitilafu ina hesabu yake. Lakini hesabu ipi ni ya hitilafu ipi, kila kampuni imejipangia yenyewe na kuyafungia majedwali kabatini. Ujuzi wa chuoni uliishia mlangoni mwa kabati hilo.

Basi tukaamua kuliandika jedwali sisi wenyewe. Padri wa misheni ya Karema ana gari pacha la hili, zima kabisa. Alituazima gari hilo siku tatu, akatuombea, akatuonya tusimrudishie mabaki. Tukawa tunachomoa soketi moja ya nyaya za injini yake, tunawasha, tunahesabu taa, tunaandika kwenye daftari, tunarudisha soketi, tunahamia nyingine. Hakuna koti lililotumika. Watoto wa shule walisimama pale uzioni wakihesabu pamoja nasi kwa sauti.

Siku ya kwanza tulikosea, na kosa letu tunalieleza wenyewe, kwa kuwa sisi si wakala. Tulichomoa soketi ya joto la maji, taa ikawaka mara nne. Tukachomoa ya hewa, ikawaka mara nne. Tukabishana hadi Cletus, mwenyekiti wetu, akatamka kwamba gari la padri linatudanganya, jambo ambalo halikumpendeza padri.

Aliyetutoa hapo ni Mabula. Mabula amekulia katika boma la Wasukuma, na kazi yake ya utotoni ilikuwa kukaa langoni kuhesabu ng'ombe wakiingia. Alikaa mbele ya taa ile, kisha akasema, "Nyie mnahesabu mikia. Angalieni nafasi katikati. Wanaingia kwa makundi."

Ilikuwa kweli. Soketi ya maji taa iliwaka mbili, ikapumzika, ikawaka mbili. Soketi ya hewa iliwaka tatu, ikapumzika, ikawaka moja. Sisi tulikuwa tumejumlisha vyote kwenye chungu kimoja. Tulichana kurasa za siku ya kwanza, tukaanza upya, na siku ya tatu jioni daftari lilikuwa na namba kumi na nne, kila moja na jina la sehemu yake. Padri alirudishiwa gari lake likiwa zima, na limeoshwa.

Ndipo tukaliendea gari la wagonjwa, kinyume cha amri, na tunalisema hili mbele ya aliyeitoa. Dionizi ndiye aliyefungua boneti. Tukaweka waya. Taa ikawaka mbili, ikapumzika, ikawaka mbili. Joto la maji. Tukafuata waya wa sehemu hiyo hadi nyuma ya injini, tukaukuta umetafunwa na panya. Kompyuta iliyotangazwa kufa ilikuwa inadhani maji ni ya baridi siku zote, ikamwaga petroli ya kuipasha injini, kama kipofu anayemimina uji. Ilikuwa hai, na kwa miezi saba ilikuwa inasema ukweli kwa mtu yeyote mwenye waya wa urefu wa kidole.

Kando ya waya huo kulikuwa na kiota. Kiota kilijengwa kwa pumba na punje za mpunga, mpunga mzuri wa Mamba. Gari la wagonjwa halilimi. Waliolijaza magunia siku za mavuno ya mwaka jana wanajijua, na baadhi yao wamekaa kivulini. Sisi tuliunga waya, tukaufunga vizuri, tukatupa kiota. Punje chache tumezihifadhi kwenye kopo, zikihitajika.

Siku iliyofuata ilikuja taarifa kwa redio ya misheni kwamba Karema kuna mama anavuja damu. Ofisi ilikuwa imefungwa kwa ajili ya semina. Dionizi hakungoja semina iishe. Alikwenda Karema na kurudi, gari halikuzima hata mara moja. Mama huyo anaitwa Juliana. Ndiye yule pale kwenye nguzo, aliyebeba mtoto mgongoni. Juliana, wapungie mkono viongozi.

MATATIZO YETU

Kwa safari hiyo Dionizi alisimamishwa kazi. Barua inasema alitumia gari ambalo matengenezo yake hayakuidhinishwa. Wiki sita sasa gari ni zima na halina dereva. Ofisi ilisubiri uje ulikabidhi tena, ili lionekane limetengenezwa na sherehe.

Barua ya pili ilikuja kwetu. Inatukataza kugusa gari lolote la serikali au la mradi. Inatutaka tulikabidhi daftari, kwa kuwa namba zilizomo ni mali ya kampuni. Tuliishangaa sana barua hiyo. Namba hizo hatukuziiba kwenye kabati la mtu. Tuliziona kwenye taa, mchana, mbele ya padri na watoto wa shule.

Mgeni rasmi, barua zako tunaziheshimu kuliko unavyodhani. Leo asubuhi dereva wako alimvuta Mabula pembeni. Taa ya gari lako inawaka tangu mlipovuka nusu ya njia, naye ameiziba kwa kipande cha utepe mweusi wa gundi ili usiione. Injini inatoa moshi na inazima mkipanda mlima. Alimwomba Mabula aangalie kidogo tu. Mabula alimwonyesha barua, akamwambia, "Pole, mdogo wangu. Hilo ni la mradi."

MAOMBI

Tunaomba Dionizi arudishwe kwenye usukani leo, kabla hujakata utepe. Gari bila yeye ni chumba cheupe chenye matairi.

Tunaomba wakala atupatie jedwali kamili la namba za magari yaliyoletwa wilayani kwetu. Akikataa, tutaendelea kuchomoa soketi. Itatuchukua muda, na muda huo mtaendelea kuuona barabarani, juu ya mikokoteni.

Daftari hatulikabidhi. Tumelinakili mara tatu kwa mkono. Nakala moja iko Karema, moja iko Mamba, na ya tatu tumekuletea wewe, imefungwa kwa karatasi ya zawadi. Mpe dereva wako. Ukurasa wa kwanza unaeleza mahali pa kuweka waya.

KUHUSU RADHI

Risala hii ilipelekwa ofisini juzi ikapitiwe, kama ilivyo desturi. Ilirudi ikiwa na aya moja iliyoongezwa kwa kalamu nyekundu. Aya hiyo inasema kwamba sisi mafundi tumetambua kosa letu la kugusa mtambo tusioufahamu, na tunaomba radhi kwa mradi, kwa wakala na kwa wafadhili. Tuliambiwa kwa mdomo kwamba ikisomwa, Dionizi anarudi kazini. Isiposomwa, gari linapewa dereva mwingine.

Jana tulikaa kikao. Wapo kati yetu waliotaka isomwe, na hatuwacheki, kwani Dionizi ana familia na sisi tunamhitaji. Tukamwita mwenyewe. Aliisoma aya ile taratibu, mara mbili, akaiweka mezani, akasema, "Mkiisoma hiyo, funguo sizichukui. Nitamwambia nini Juliana? Kwamba kumfuata kulikuwa kosa?"

Hapo kikao kiliisha.

Mungu akujalie safari njema ya kurudi, mgeni rasmi, na awajalie akina mama wa Mamba, Karema na Mpanda yote wafike salama kila wanapokwenda kujifungua. Ukizimikiwa na gari njiani, wapo watu Majengo wanaojua kusoma taa, na Dionizi anaijua njia ya kukufuata. Sharti ni barua moja tu ya kuzifuta zile mbili, nawe ndiye mwenye mhuri.

Aya ya kalamu nyekundu tumeiacha nyumbani. Sisi, Kikundi cha Mafundi Magari wa Majengo, hatuombi radhi.