Kasuku Anayelia Krr-Tak

Benchi lenyewe ni ubao wa mlango uliokataliwa na mteja, umelazwa juu ya matofali mbele ya kibanda cha Funguo, fundi vitasa. Wenye benchi ni wawili: Kipaza, mshona viatu asiyejua kunong'ona hata msibani, na Daktari, ambaye udaktari wake ni kuuza dawa ya panya. Mama Birika huwamiminia kahawa na kuwakata kauli. Asubuhi hiyo Funguo alikuwa ameshika tupa na ufunguo wa mteja umebanwa kwenye jiliwa, lakini hachongi. Moyo wake ulikuwa nyumbani, kwa kasuku mchanga aliyempelekea mkewe juzijuzi, na sasa ndege anakwisha huku yeye akimwona.

— Hajala tena, alisema Funguo. Karanga anaziangalia tu. Manyoya ya kifuani anayang'oa mwenyewe.

— Umemweka wapi? aliuliza Daktari, kwa sauti ya kazini.

— Sebuleni, kwenye kona, upepo usimpige. Moshi wa jikoni haumfikii. Madirisha nimeyawekea wavu, feni siwashi tena, isije ikamkata siku akitoka. Yote aliyoniambia aliyeniuzia nimefanya.

— Na shemeji anasemaje? aliuliza Kipaza.

— Hasemi.

— Basi kama shemeji hana neno, tatizo ni la ndege.

Funguo hakumsahihisha. Alifuta tupa kwenye suruali.

— Halafu kuna sauti anatoa. Moja tu, kutwa. Krr, halafu tak.

Daktari akaweka kikombe chini.

— Mapafu hayo. Krr ni makohozi, tak ni ubavu. Hata panya wangu wakikaribia kwenda wanalia hivyohivyo.

— Panya wako wanakufa kwa sumu, alisema Mama Birika.

— Mgonjwa ni mgonjwa, mama.

— Mapafu wapi, alisema Kipaza. Hiyo ni lugha ya kwao. Ndege anakutukana, wewe unamwongezea karanga.

— Kazaliwa kwenye tundu, Kipaza, alisema Funguo. Hana kwao.

— Basi anatukana kitundu.

Daktari hakukubali kupitwa.

— Kameza saa. Krr inajazwa, tak inahesabu. Mning'inize kichwa chini mpaka aitapike.

— Saa gani na mdomo ule? alisema Kipaza. Sikilizeni niwaambie. Huyo ndege katumwa. Kawekewa kamera tumboni. Krr anavuta picha, tak anapiga. Kuna mtu anataka siri ya vitasa vyako, Funguo. Mfunike blanketi.

— Akikosa hewa je? aliuliza Mama Birika.

— Picha zitatoka nyeusi, ndiyo faida yake.

Wakacheka, na Funguo akacheka nao ili asionekane ana huzuni. Kicheko kilimuuma. Alichotaka ni mmoja wao aape kwamba ni mapafu, ili yeye amalize kahawa yake, aende kununua dawa. Mapafu yana dawa. Daktari alikuwa amekaribia kabisa kuapa, na sasa Kipaza kaharibu na kamera zake.

Mwenye ufunguo uliokuwa kwenye jiliwa, mama mmoja wa makamo ambaye hajawahi kukaa benchi lile, alikuwa amesimama pembeni anasubiri, mkoba kwapani.

— Samahani, kaka. Hiyo sauti iko vipi, hebu nisikie?

Funguo akaitoa. Aliitoa vizuri, ndivyo kazi ilivyoyafundisha masikio yake.

— Mbona kama komeo? alisema yule mama.

Funguo alitazama tupa. Alikuwa ameijua sauti ile tangu siku ya kwanza. Lilikuwa komeo la chumba chao cha kulala, alilipigilia kwa mikono yake mwaka waliooana, na lina kutu kidogo mwanzoni. Mimba ilipotoka mara ya pili, mkewe aliingia mle. Anafungua kwenda msalani, anafunga. Anafungua kuchukua sahani mlangoni, anafunga. Funguo alinunua ndege ili mkewe apate wa kuongea naye, kwa kuwa yeye mume maneno yalikuwa yamemwisha. Akirudi jioni huvua viatu nje asije akamsumbua, akakaa gizani na kasuku mpaka usingizi umchukue.

— Ni komeo, alisema. La chumbani. Shemeji yenu anajifungia.

Hakuna aliyemtazama. Mama Birika alikuwa ameinamisha birika juu ya kikombe cha Daktari, na kahawa haikutoka.

— Pole, kaka, alisema yule mama taratibu. Kasuku wa kwetu naye alikuja mdogo. Wanaiga wanachokisikia, wanataka muwaone ni wenzenu. Sasa huko ndani, mbali na hilo komeo, anasikia nini kingine?

Lilikuwa swali dogo. Funguo alilichukua akaingia nalo nyumbani kichwani mwake, sebuleni, jikoni, ukutani kwenye redio aliyoichomoa siku ile mimba ilipotoka, akitafuta neno lolote ambalo mtu alimwambia mtu. Alitafuta sana. Daktari alikuna goti. Kipaza, aliyekuwa na jibu la kila kitu, aliangalia viatu vya yule mama.

— Kaka? alisema yule mama.

Funguo akainama kwenye jiliwa, akaanza kuchonga kwa nguvu, ili pawe na kelele.