Tundu la Pili kwenye Dashibodi

Benchi lenyewe ni ubao mrefu uliolazwa juu ya matofali, mbele ya kibanda cha fundi redio. Anayetaka kuinuka huaga kwanza, maana akiinuka wa huku, wa kule anakwenda chini na kikombe chake. Wenyeji wake wanajulikana: Gia, dereva wa malori aliyestaafu lakini mdomo wake haujastaafu, Toleo, muuza magazeti anayeyasoma yote kabla ya kuyauza, na Kinyozi, ambaye yuko radhi kumwacha mteja na nusu kichwa ili aje kuchangia neno. Wa nne ni fundi redio mwenyewe, wanamwita Antena, kwa vile hakuna la mtaa linalompita. Dada wa kahawa hukaa pembeni na birika lake, na hucheka wenzake wakishamaliza kucheka. Asubuhi hiyo wote walikuwa wameipa barabara kisogo, wanakodolea macho pikapu kuukuu ya rangi ya krimu, milango wazi, redio inaimba.

— Antena, hongera, — alisema Gia. — Hiyo ndiyo redio ya rika la gari! Fundi mwingine angemwekea mama wa watu lile lidude la taa za buluu.

— Vifundo viwili, sindano nyekundu, — alisema Toleo. — Mpaka ipate moto kwanza ndipo inaongea. Umeitoa wapi?

— Kwa wauza vyuma chakavu, — alijibu Antena, kwa sauti ya mtu aliyebanwa kidole na mlango.

Wiki nzima alikuwa amewachosha kwa majigambo kuhusu redio hiyo. Leo wanamsifu yeye anaangalia viatu.

Kinyozi akachungulia ndani ya gari, kitana kikiwa bado sikioni.

— Nina swali. Redio iko hapa kushoto, imejibanza. Na hili tundu la katikati, liko wazi, ni la nini?

— Matundu nimeyakuta, — alisema Antena.

— Yote mawili?

— Yote mawili.

Hapo alidanganya, na ni vizuri tuliseme hilo mapema kabla benchi halijatupeleka mbali. Dashibodi ya gari hilo ilikuwa imevikwa ngozi ya plastiki nyeusi, imegundishwa toka mwanzo hadi mwisho. Antena aliipapasa, akaona bati limenyooka, akawasha grenda na kukata pale alipoona panamfaa. Redio ikaingia kwa kusukumwa na goti, ikakaa imeinama. Jana yake, alipoibandua ngozi ili asafishe kingo, akakuta katikati ya dashibodi bamba dogo la chuma lililofungwa kwa skrubu. Akalifungua. Nyuma yake palikuwa na tundu la redio la kiwandani, vishikio vyake vipo, hata vitobo vya vifundo vipo. Redio ingeingia pale kama mkono mfukoni. Sasa dashibodi nzuri isiyotengenezwa tena popote ilikuwa na jeraha la grenda, na hata likizibwa, kovu lake halitajificha.

Kilichomuumiza zaidi ni kwamba aliambiwa. Mama mwenye gari alisimama mlangoni mwa kibanda siku aliyoleta funguo, akamweleza taratibu: redio ya zamani ilikaa katikati, marehemu mume wangu aliitoa ilipokufa, nikashona kifuniko hicho cha plastiki mwenyewe, wewe kibandue tu utapaona, kuna bamba. Wakati huo Antena alikuwa anapiga porojo na benchi kupitia dirishani, benchi zima linaangua kicheko, yeye anaitikia "ndiyo mama, ndiyo mama" bila kujua anaitikia nini. Maneno yale yalimfikia jana, skrubu ya mwisho ilipotoka. Alikaa kwenye kiti cha dereva akiona aibu peke yake, gari tupu.

— Magari haya nimeyaendesha mimi, — alianza Gia. — Redio ya kushoto ni ya dereva. Tundu la katikati lilikuwa na redio ya tajiri. Dereva anasikiliza muziki, tajiri anasikiliza habari.

— Kwa wakati mmoja?

— Kwa wakati mmoja. Watu wa zamani walikuwa na masikio yaliyotulia.

— Acha kutupiga kamba, — alisema Toleo. — Nilisoma mahali. Redio za zamani zilikuwa zinachemka kama pasi. Tundu hilo ni la kupumulia.

— Sasa ipumulie mbali hivyo?

— Joto linatembea, Kinyozi. Wewe umezoea joto la kichwani.

— Kama joto lilikuwa kubwa hivyo, basi nawaambia, — alisema Kinyozi, akijisogeza katikati ya ubao. — Mle walikuwa wanapasha mikate. Safari ndefu, mke anafunga mkate kwenye karatasi, unasukuma ndani, ukifika unakula wa moto.

— Na redio inasoma habari kwa harufu ya mkate! — alisema dada wa kahawa.

Wakacheka mpaka ubao ukayumba. Antena naye akacheka kidogo, ili asionekane hacheki. Moyoni aliona bora wangemkamata mapema wamtukane yaishe.

Toleo akashusha sauti.

— Mnacheka. Lile tundu lilikuwa sikio. Redio inaongea na wewe, tundu linakusikiliza, linapeleka maneno kwa wakubwa. Ndiyo maana wazee wetu hawakuwa wanaongea ovyo garini.

— Wallahi! — Gia alijipiga paja. — Baba yangu hakuwahi kusema neno garini!

— Umeona sasa?

— Baba yako hakuwa na gari, — alisema Kinyozi.

— Ndiyo maana hakusema!

— Antena, kata shauri, — alisema Toleo. — Mtaalamu ni wewe. Mkate, tajiri, au sikio?

— Yote yanawezekana, — alisema Antena. Akameza kahawa ambayo hakuisikia ladha.

Mama mwenye gari akatokea kwenye kona, mkoba kwapani, miwani imening'inia kifuani kwa uzi. Benchi zima likamwamkia kwa pamoja.

— Shikamoo, mama!

— Marahaba, wanangu. Naisikia toka kule! Ni yenyewe hiyo inayoimba?

Aliingia upande wa dereva bila kusaidiwa, akazungusha kifundo, sindano ikatembea, akafumba macho. Alikaa hivyo mpaka wimbo ukaisha. Antena alisimama mlangoni mwa gari, mikono nyuma, anaombea wimbo mwingine uanze haraka. Mama akafumbua macho, akavaa miwani, akapitisha kidole kwenye kingo za bati, pale ambapo chuma kilikuwa bado kinang'aa.

— Na hili tundu la kushoto limetoka wapi?

— La kiwandani, mama, — aliwahi Gia. — Aina hii ilikuja na matundu mawili.

— La tajiri na la dereva, — aliongeza Kinyozi, akimsaidia ingawa hakuamini.

— Gari hili nimeliendesha nikiwa na mimba ya kifungua mimba wangu, — alisema mama. — Upande huu palikuwa bati tupu. Nilikuwa nabandika picha ya...

Kidole kikabaki palepale.

— Au nimechanganya. Mwanangu anasema nimeanza kusahau. Mwezi uliopita alinificha funguo. Anasema, mama, siku moja utasahau breki iko wapi. — Akacheka, wakasita kucheka naye. — Nilitaka redio hii ili nikija kumpitia shuleni mjukuu wangu aone bibi bado ni dereva. Fundi, hebu nisaidie. Nilikwambia kuhusu lile la katikati, chini ya kifuniko? Nilijua nimekwambia. Au nilitaka tu kukwambia?

Benchi halijawahi kukosa la kusema.

— Usijisumbue, mama, ni umri, — alisema Gia kwa upole.

— Kusahau kunakuja kwa kila mtu, — alisema Toleo. — Nilisoma.

— Pengine mwanao anakuonea huruma tu, — alisema Kinyozi. — Vijana nao waendeshe, wewe ukae kiti cha abiria usikilize muziki.

— Pengine, — alisema mama. Mkono wake ukatoka kwenye usukani, ukashuka mapajani.

Antena aliuona mkono huo ukishuka. Mlango wa kutokea ulikuwa umefunguliwa mbele yake, na waliomfungulia ni rafiki zake, kwa nia njema. Hakutakiwa hata kudanganya tena. Angekaa kimya, tundu likawa la kiwandani, mama akawa msahaulifu, yeye akabaki fundi. Masikio yalimwaka moto. Alijionea kinyaa hadi miguuni.

— Mama, uliniambia.

— Eti?

— Uliniambia, mlangoni hapo. Kwamba ya zamani ilikaa katikati, kwamba marehemu aliitoa, kwamba kifuniko umeshona mwenyewe nikibandue. Uliniambia yote. Mimi nilikuwa napiga soga na hawa, sikukusikiliza. Hilo la kushoto nimelikata mimi kwa grenda. Hawa nimewadanganya.

Kinyozi akatoa kitana sikioni, akakitazama. Antena alikuwa anasubiri kofi, au tusi, au hata machozi. Chochote ambacho angestahili.

— Nilikwambia? — aliuliza mama.

— Ndiyo, mama.

— Na kuhusu bamba?

— Ulisema nibandue tu, nitapaona.

Mama akashika usukani kwa mikono yote miwili. Uso wake ukafunguka, akatabasamu kama mtu aliyepewa habari za mgonjwa wake kwamba kapona. Antena aliona afadhali angempiga kofi.

— Gari langu umeliharibu, — alisema. — Hilo tutaongea, na utalitengeneza mpaka nikubali mimi. Lakini kwanza subiri.

Akafungua mkoba, akatoa simu, akabonyeza akiwa ameiweka mbali na macho. Redio akaizima.

— Haloo, mwanangu? Nipo kwa fundi. Hapana, sijapotea. Kuna mtu anataka kukwambia kitu. Mwambie, fundi. Mwambie kama ulivyoniambia mimi, usipunguze.

Akampa simu. Dada wa kahawa alikuwa ameshika vikombe visigongane. Sauti ya mwanamume ikasema haloo, ikasema tena haloo, nani mwenzangu, kwa ukali wa mtu aliyeko kazini.

— Mimi ni fundi redio, — alisema Antena, akaisogeza simu karibu na mdomo, akaanza upya. — Mimi ni fundi redio. Mama yako alinieleza vizuri kabisa. Mimi ndiye sikusikiliza.