Phoebe Aliyeuliza Kiuno Ni Wapi

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia, mimi Paul, shemeji yake, nimeombwa niwasomee safari ya Phoebe Nyambura Mwaura, na nikikwama kidogo mnivumilie.

Phoebe alizaliwa tarehe 14 Machi 1984 huko Nyahururu, binti wa marehemu Mwaura na Mama Jennifer, akasomea huko huko hadi kidato cha nne, kisha mwaka 2007 akahitimu stashahada ya eksirei jijini Nairobi, na kwa kuwa mama alitangaza kanisani kwamba bintiye ni mpiga picha, Phoebe aliitwa harusi mbili aje na kamera, akaenda zote, akala pilau na kurudi bila picha hata moja.

Tarehe 6 Agosti 2011 alifunga ndoa na kaka yangu Githinji, wakajaliwa Michelle na Shaun, na Januari 2015 akaanza kazi katika kliniki moja hapa Doha, mtaani Najma.

Mei 2019 aliletewa Lenny, mlinzi kutoka kwetu nyumbani, ambaye kwa miezi mitatu alikuwa akilalamika kwamba kiuno kinamuua, karani akatafsiri vibaya akaandika nyonga kwenye fomu, nyonga ikapigwa picha mara mbili ikaonekana safi, msimamizi wake akamwita mvivu, na tiketi ya kumrudisha nyumbani ilikuwa imeshakatwa. Phoebe alimwomba aonyeshe kwa kidole panapouma, Lenny akagusa mgongo, chini kabisa, basi Phoebe hakuwasha mashine, alimpigia daktari simu, fomu ikabadilishwa, na picha ya MRI ikaonyesha pingili mbili za uti wa mgongo zikiliwa, vipimo vikathibitisha kuwa ni kifua kikuu cha mifupa, nacho kina dawa. Tangu siku hiyo hakuna mtu wetu aliyelala kwenye mashine yake bila kuambiwa kwanza aweke kidole.

Mgongo wake mwenyewe ulipoanza kumsumbua Februari 2023, hakungoja, alipigwa picha wiki hiyo hiyo, ikaonekana saratani iliyoanzia kwenye titi, na matibabu yakampa miaka miwili na nusu, akamfundisha Shaun kuendesha baiskeli, akafariki tarehe 19 Septemba 2025, Githinji akiwa amemshika mkono. Tunaumia sana, lakini miaka hiyo hatuihesabu kuwa midogo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wafanyakazi wenzake, na majirani wa Al Wukair mlioleta chakula hadi friji ikakataa kufungika. Mwili utasafirishwa kesho kwenda Nyahururu, na miongoni mwa watakaobeba jeneza sasa hivi hadi garini ni Lenny, ambaye jana alikataa katakata kupewa upande mwepesi.

Shemeji, pumzika kwa amani, kazi yako tunaiona ikitembea.