Abu Layth, Fundi Aliyegeukia Ukuta

Bwana Mundhir Shatnawi, ambaye sote hapa karakana tunamwita Abu Layth, anastaafu Jumatano tarehe 30 Aprili baada ya miaka ishirini na tisa ya kazi. Mwenye karakana, Bwana Fawwaz, ameniambia niandike mimi kwa sababu sinki ninaloshea vikombe liko nyuma ya meza ya Abu Layth, na tangu nitoke mji wetu wa Minya kutafuta riziki ugenini hapa Irbid nimemsikia yeye kuliko nilivyowasikia ndugu zangu. Ameniambia niandike ya kuchekesha. Yapo. Lakini anayestaafu mwenyewe hajacheka tangu majira ya baridi, na sitajifanya sijui.

Alianza kazi karakana ilipokuwa inatengeneza televisheni na redio za kaseti. Kompyuta zilipoingia alizifungua na kuzifunga mpaka akazizoea. Miaka hii ya mwisho meza yake ilikuwa meza ya diski. Mtu ananunua laptopu mpya, anataka kuhamishia humo picha na kazi zake za zamani, anachomeka diski ya nje, laptopu haioni kitu. Anakuja kwa Abu Layth na uso umemshuka.

Abu Layth hakuanza na diski. Alianza na waya. Siku moja aliingia mwalimu wa sekondari akifoka.

"Nimeitoa kwenye boksi leo asubuhi! Wameniuzia mbovu!"

"Kaa kwanza, ustadhi. Huu waya umeupata wapi?"

"Wa simu. Si waya tu?"

"Huu unalisha, hausemi. Diski imeshiba, taa inawaka, lakini haina mdomo wa kuongea na laptopu."

Alimpa waya mwingine, mafaili yakafunguka palepale. Mwalimu akainama akanong'ona, "Usiwaambie wanafunzi wangu."

"Wawili wako nyuma yako hapo. Wameleta tatizo hilohilo."

Baada ya waya alitazama umeme. Laptopu za siku hizi zina matundu madogo, watu wanaunga kiungio juu ya kiungio, na diski ya zamani inabaki na kiu, inazunguka kidogo inazima. Hiyo aliitia kwenye kisanduku chenye umeme wake. Wengine walilalamika kwamba flashi ina nafasi tele lakini inakataa video moja ndefu. "Chumba kikubwa, mlango mdogo," alikuwa akiwaambia, kisha anaifomati upya ili ipokee faili kubwa, lakini kwanza anauliza na kurudia kuuliza kama ndani hamna kitu cha mtu. Ukutani alibandika karatasi yenye mwandiko wake mbaya: *Ikikuuliza kama ifute, sema hapana, uje.* Naamini karatasi ile imeokoa harusi nyingi na vyeti vingi.

Jambo lililomtofautisha na mafundi wengine wa mtaa huu ni jingine. Harusi zetu zina pande mbili, na kinachopigwa video upande wa wanawake si cha macho ya mwanamume wa nje. Sasa fundi atajuaje kama video imehama salama bila kuifungua? Wengine wanafungua tu, wanasema ni kazi. Abu Layth aliigeuza laptopu imtazame mwenye mali, yeye akageukia ukuta akasikiliza. Ngoma na vigelegele visipokatika, anauliza, "Picha iko sawa?" Akijibiwa ndiyo, kazi imekwisha. Watu walitoka hata mji wa Ajloun, wakapita karakana zote za njiani, kwa ajili ya ule mgongo wake.

Desemba alikuja Umm Nidal. Alileta laptopu mpya aliyotumiwa na mwanawe aliye Kuwait, na diski ya zamani iliyofungwa kwenye mtandio. Binti yake Rawan alikufa kwa ajali ya gari miezi michache baada ya kuolewa. Diski ile ilikuwa na usiku wake wa hina. Simu zilikusanywa mlangoni kama ilivyo desturi, akapiga mpiga picha mmoja tu wa kike, naye akishakabidhi diski hufuta kila alichobaki nacho. Kwa hiyo hapakuwa na nyingine duniani.

"Inaniambia lazima ifutwe ndipo itumike," alisema Umm Nidal.

"Ukabonyeza nini?"

"Sikubonyeza kitu. Nilizima yote nikakaa nalia."

"Basi umenisaidia sana, dada yangu."

"Utaipata? Niahidi."

"Siwezi kukuahidi. Sikiliza inavyokwaruza. Tukibahatika itatupa safari moja ya kunakili."

Ilitupa hiyo moja. Mchana mzima ilikuwa inasonga, inakwama, inasonga. Ilipofika mwisho, Abu Layth aliigeuza laptopu kwa Umm Nidal, akageukia ukuta. Nyimbo za hina zikajaa karakana. Sisi wengine tuliinamisha macho, hata Bwana Fawwaz alitoka nje.

"Picha iko sawa?"

"Ni yeye. Ni Rawan wangu."

"Peleka mpaka katikati. Na hapo?"

"Sawa, sawa. Mungu akupe afya."

Abu Layth alijaribu kutoa nakala ya pili. Diski haikuzunguka tena.

Wiki iliyofuata Umm Nidal alirudi. Hakupiga kelele, na ningependa angepiga.

"Abu Layth, picha inasimama. Anapofika tu mlangoni, inasimama. Nyimbo zinaendelea, yeye haingii."

"Lakini nilikuuliza, ukasema sawa."

"Nilikuwa nimejifunika uso kwa mtandio. Nilisikia sauti yake, nikashindwa kutazama."

Abu Layth alikaa chini. Baadaye alimweleza taratibu kwamba sauti inachukua nafasi ndogo na picha inakula nafasi kubwa, kwa hiyo pale diski ilipokuwa imeoza, kilichoumia ni picha. Masikio hayakuweza kujua. Angetazama yeye fundi, angejua, na diski ikiwa bado ina joto pengine angejaribu sehemu ile tena. Nasema pengine, maana yeye mwenyewe alisema hivyo.

Alitafuta diski ya aina ileile akahamisha vipuri. Akaipeleka Amman kwa watu wenye vifaa vikubwa, wakairudisha na pole zao. Januari akamwambia Bwana Fawwaz kwamba anaondoka.

"Umeokoa mafaili ya nusu ya mji, mtu wangu. Unaacha kazi kwa faili moja?"

"Hilo moja ndilo nililoligeuzia mgongo."

"Ulifanya adabu!"

"Nilifanya, na siku ile ikirudi nitageuka tena. Ndiyo maana sifai tena kukaa kwenye meza ile. Atafutwe mwanamke."

Akatafutwa. Ustadha Samah amekuwa akijifunza kwake tangu Februari, na akina mama sasa wanakaa naye bega kwa bega wakitazama kioo mpaka wimbo wa mwisho. Abu Layth anawaangalia kwa mbali, kisha anarudi kupanga waya zake.

Jumatatu iliyopita Umm Nidal alikuja tena. Hakuwa na laptopu wala diski. Alivuta kiti akaketi kando ya Abu Layth.

"Nimesikia unaondoka. Nataka nikusimulie kilichokuwa mle."

"Dada yangu, huna haja."

"Ninayo. Nisikilize."

Akasimulia. Rawan aliingia na thobe, kanzu ndefu ya kike, ya kijani, iliyotariziwa na bibi yake. Mlangoni akakanyaga pindo, akayumba, kiatu kikamtoka, akaegemea ukuta kwa viwiko vyote viwili akicheka mpaka wanawake wakaacha kuimba. Shangazi yake akakiokota kiatu akakiinua juu, akakataa kukirudisha mpaka bibi harusi acheze kwa mguu mmoja. Akacheza. Alizunguka chumba kizima akirukaruka, hina bado mbichi mikononi, akiwapigia kelele wasimguse.

Abu Layth aliweka bisibisi chini, akamgeukia. Aliuliza swali moja tu.

"Kiatu kipi?"

"Cha kushoto."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayeandika.

Kwa niaba ya wote wa karakana: Abu Layth, ahsante kwa subira yako na kwa kutoficha ubovu wa diski kwa mwenye diski. Mungu akulindie macho yako na nyumba yako, na asubuhi zako ziwe za polepole. Umm Nidal hakusema kwa sauti ya chini Jumatatu ile, na sisi tuliokuwa karibu hatukutoka nje. Tunaomkumbuka Rawan akirukaruka kwa mguu mmoja sasa tuko wengi.