Murshid wa Marobota Aweka Brashi Chini

Ijumaa, tarehe 30 Mei, ndugu yetu Murshid Haji anastaafu baada ya miaka ishirini na moja ya kuandika marobota katika ofisi yetu ya mizigo, barabara ya Guangyuan Xilu, hapa China. Alikuja Guangzhou kununua vitambaa vya duka la shangazi yake Zanzibar, akaona majina ya wateja yanavyoandikwa ovyo, akaomba brashi. Hakuirudisha.

Kila robota aliliandika jina la mwenye mzigo, mji, kisha namba: 1/8, 2/8, mpaka la mwisho, ili mpokeaji ajue kama mzigo umetimia. Ukimhimiza, alikwambia haraka haraka haina baraka, nawe ukakaa kitako kumsubiri. Chai yake ilikuwa na sukari ya kuwatosha watu wanne. Tunalisema kwa mapenzi.

Lakini mimi nitamkumbuka zaidi kwa Qingming ya mwaka huu, siku Wachina wanapozuru makaburi. Mzee Liang, mlinzi wa ghala letu, ana mjomba aliyekufa vitani. Mifupa yake imehifadhiwa kwenye jumba la mashujaa juu ya kilima, pamoja na ya askari wenzake, kila mmoja na chungu chake nyuma ya kibao cha jiwe. Jamaa hupaka upya herufi za jina kila mwaka. Mikono ya Liang sasa inatetemeka, na jina lilikuwa karibu kufutika, hivyo akamwomba Murshid.

Murshid akapanda ngazi zote zile na goti lake bovu, mimi nyuma na kopo la rangi. Akafuatisha herufi asizozijua, polepole, mpaka jina likasomeka. Kisha mkono, kwa mazoea, ukaandika chini yake: 1/1.

Alipogundua, alinisukumia brashi. Akatafuta kitambaa afute, akiomba radhi kwa lugha zote alizonazo. Liang akamshika mkono. Mama yake Liang alifariki akiwa na shaka kwamba mifupa ya kaka yake, huyo mjomba, haikurudi yote. Liang akaitazama ile namba, akasema kwa Kiswahili chake cha ghalani: "Acha, rafiki. Mzigo umetimia."

Nililia, wala sioni haya kusema.

Mwakani nitapanda na Mzee Liang mimi. Jina halitaachwa lifutike. Ahsante, kaka Murshid, kwa kazi na kwa utu. Mkeo Bi Muzdalifa akupokee salama huko Zanzibar, Mungu akujaalie afya na uzee wenye raha. Ijumaa usihangaike na begi: Mzee Liang amesema atalibeba yeye mpaka uwanja wa ndege, na hakuna aliyethubutu kumkatalia.

Chausiku, kwa niaba ya wenzako wote