Bwana Ignatius Anatuachia Tangi la Barafu

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, Bwana Ignatius Wandeba anastaafu baada ya kulitumikia Jengo la Ansuya, hapa Jinja, kwa miaka ishirini na sita na miezi tisa. Muda wote huo alichelewa kazini mara moja tu, na siku hiyo alitutaarifu kwamba saa ya ukutani ndiyo iliyotangulia. Tulikubali. Saa ikarudishwa nyuma dakika ishirini, na kwa wiki nzima jengo zima likawa linachelewa pamoja naye.

Kamati ya sherehe imeniomba niandike mimi kwa sababu nimempikia chai miaka kumi na tisa na najua anaweka vijiko vingapi vya sukari. Vinne, ingawa kwa daktari anasema kimoja. Nasema mapema pia, mtu asije akadai nilificha: Nangila, msaidizi wake, ni binti yangu wa kwanza. Kwa hiyo mkiona mahali nimemsema mzee vikali, ni mama huyo anasema. Mkiona nimemsifu, ni mama yule yule.

Alipoajiriwa Februari 1999 alikuwa fundi wa feni. Jengo lilikuwa na feni thelathini na moja, na nusu yake zilikuwa mapambo. Joto la hapa mjini, na unyevu wa ziwa juu yake, lilikuwa linafanya karatasi za ofisini zinate mkononi kama chapati. Baadaye zikaja mashine za baridi za dirishani. Baridi ikapatikana, lakini bili ya umeme ikawa haisomeki kwa mtu aliyesimama. Mwenye jengo, Bwana Shashikant, alikuwa anavuta kiti kwanza.

Mwaka 2011 Bwana Shashikant alirudi safari na wazo ambalo sote tuliliona la mtu aliyechoka. Alijenga tangi kubwa nyuma ya jengo, akalijaza maji, na ndani akalaza mabomba yaliyojikunja mamia ya mara. Usiku wa manane, umeme ukiwa wa bei ndogo, mashine inagandisha maji yale. Asubuhi, umeme ukipanda bei, mashine inazimwa. Barafu inayeyuka polepole mchana kutwa, pampu inapeleka ubaridi wake ghorofa zote nne, na watu wanafanya kazi wamevaa sweta kwa umeme wa jana usiku. Ni hilo tu. Mimi sikusoma sana na nililielewa siku ya pili. Mameneja wa vyeo walichukua mwezi.

Wapangaji waliipokea teknolojia hii kwa heshima kubwa. Wakala wa bima wa ghorofa ya pili alishuka na glasi yake ya soda kuomba vipande viwili. Bwana Ignatius akamtazama kuanzia viatu mpaka tai. "Bwana, hii barafu si ya kunywa. Hii barafu ni ya kazi. Na wewe, ni wa kazi?" Wakala akapanda juu na soda yake ya moto, na mpaka leo wanasalimiana kwa kidevu.

Wataalamu walioleta tangi walikaa siku tisa, wakaacha kitabu kinene na kipimo cha umeme cha kuonyesha barafu imefika wapi. Kipimo kilikufa mwaka wa pili. Kitabu kipo, kinazuia mlango wa stoo usijifunge. Hapo ndipo Bwana Ignatius alipoenda kwao Busiu, akarudi na ufito wa mwanzi, akaukata alama tisa kwa kisu. Maji yakiganda yanachukua nafasi zaidi, kwa hiyo yale yaliyobaki yanapanda juu. Anachovya ufito, anatazama maji yamefika alama ya ngapi, anajua barafu ni kiasi gani. Kila jioni anaangalia mawingu, anauliza kama ukumbi wa chini una mkutano, halafu anaamua: kesho ni alama sita, kesho ni nane. Ikiwa kidogo, saa nane mchana jengo linakuwa oveni. Ikizidi tisa ni balaa kubwa zaidi, kwa sababu barafu inashikana na kuwa jiwe moja, maji hayapiti, na watu wanatoka jasho hali tangi limejaa barafu pomoni. Kwa ufito ule bili yetu ya umeme ilishuka karibu robo. Kwa kitabu haikushuka hata shilingi.

Mwaka 2018 kampuni ilijenga tangi la pili kwenye jengo letu la Mbale, na Bwana Ignatius akatumwa kulianzisha. Alirudi akijisifu wiki nzima. Mwezi uliofuata bili ya Mbale ikaja, na ilikuwa kubwa kuliko kabla ya tangi. Wa Mbale wakasema barafu ya Jinja haielewani na hewa ya mlimani. Mzee akapanda taksi ya asubuhi. Alimkuta mlinzi mkuu, afande Andrew, sajini mstaafu wa magereza, amesimama wima kando ya mashine iliyofutwa vumbi na kung'arishwa.

"Afande, nani anazima mashine usiku?"

"Mimi mwenyewe, bwana! Saa nne kamili, taa, milango, mashine, kila kitu kinalala."

"Na asubuhi?"

"Saa mbili kinaamka. Nidhamu."

Mwezi mzima, kwa uaminifu ambao serikali ilimfundisha, afande alikuwa anaizima mashine saa ambazo umeme ni rahisi na kuiwasha saa ambazo umeme ni ghali. Wanasema Bwana Ignatius aliketi kwenye ngazi, akaomba kikombe cha chai, akakimaliza. Hakumweleza habari za bei. Alisema tu, "Afande, huyu ni askari wa zamu ya usiku. Ukimlaza, nani atalinda?" Afande Andrew akakakamaa. Tangu siku hiyo, saa sita ya usiku anaiwasha mashine na kuipigia saluti, na Mbale haijawahi kukosa barafu tena.

Nawaambieni haya mjue kwamba mzee anajua kufundisha. Akitaka.

Nangila aliletwa kwake kama msaidizi mwaka 2021, ametoka chuo cha ufundi na cheti chake ndani ya karatasi ya nailoni. Kwa ukarimu wake unaojulikana, Bwana Ignatius alimpa siri zote za kazi: jinsi ya kubeba sanduku la vifaa, jinsi ya kufagia karibu na tangi, na jinsi ya kukaa kimya mtu mzima anapotazama mawingu. Binti akimuuliza, "Mzee, kwa nini leo saba?" alijibiwa, "Kwa sababu si nane." Miaka minne. Nilikuwa namsikia akirudi nyumbani anaongea peke yake jikoni: saba, mvua, nane, jua, saba na jua, kwa nini? Alinunua daftari, akaandika kila siku mawingu, mkutano na alama. Mzee aliliona daftari lile akasema, "Umeanza kuandika barua za mapenzi?"

Sasa mwezi wa nane mwaka huu, meneja wetu Bi Pinal, binti wa Bwana Shashikant, alituita sote. Bi Pinal ni mtu mzuri na anasema mambo bila kuyapaka asali. Alisema: "Uncle Ignatius anaondoka Novemba. Hakuna alichoandika, kipimo hakuna, kila kitu kimo kichwani mwake." Kwamba kuna watu wa Kampala wako tayari kung'oa tangi na kufunga mashine ya kawaida kila ofisi. Kwamba atatoa wiki mbili za majaribio, kuanzia tarehe 10 Novemba, Nangila akiongoza na mzee akimwangalia. Kipimajoto kikipita nyuzi ishirini na sita ofisi yoyote, siku yoyote, tangi linang'olewa na nafasi ya Nangila inaondoka nalo.

Mzee aliulizwa kama ana la kusema. Akasema chai imepoa.

Jumatatu ya tarehe 10 nilifika na mandazi ya kuwapa moyo wote wawili. Bwana Ignatius hakuja. Simu imezimwa. Saa tatu ukaja ujumbe kupitia mtu wa bodaboda: mzee anaumwa, asitafutwe. Mtu ambaye hakukosa kazi kwa malaria, kwa msiba wa shemeji, wala kwa harusi ya bintiye mwenyewe (alikuja asubuhi na suti, akachovya ufito, ndipo akaenda kanisani), siku hiyo ndiyo akaumwa. Niliyoyasema jikoni siku ile hayawezi kuchapwa kwenye kijarida cha kampuni.

Nangila alilia kidogo, akanawa uso, akafungua daftari.

Nisiwachoshe. Wiki ya kwanza ilipita na mvua zake. Ya pili, Alhamisi, jua liliwaka tangu alfajiri kama linadai mtu, na ukumbi wa chini ulikuwa na mkutano wa watu mia moja na themanini. Usiku wa kuamkia siku hiyo binti alikuwa amegandisha alama nane. Nilimwambia, "Mwanangu, ongeza, fanya tisa." Akanijibu, "Mama, watu wenyewe wana joto lao lakini wanaondoka saa saba. Daftari linasema nane." Nikarudi jikoni nikaunguza maziwa. Bi Pinal alizunguka na kipimajoto chake tangu saa tano. Saa nane daktari wa meno wa ghorofa ya tatu akapiga kelele kwamba anapikwa. Nangila akapanda ngazi mbili mbili, akakuta dirisha la daktari liko wazi.

"Daktari, dirisha."

"Nataka hewa safi, dada."

"Basi unawapoza wachuuzi wa barabarani. Chagua."

Likafungwa. Kipimajoto kilifika ishirini na tano na nusu, kikafikiri, kikashuka.

Jioni ile sikuenda nyumbani. Nilichukua supu kwenye chupa ya chai nikaenda Walukuba, anakokaa mzee, kumwona mgonjwa, na nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Nilimkuta mgonjwa amepanda juu ya ngazi anapaka rangi bati, anapiga mluzi. Aliponiona hakushuka.

"Mama Nangila. Jengo limepoa?"

"Limepoa. Na wewe huna aibu?"

"Wapi palipanda?"

"Kwa daktari wa meno. Dirisha."

"Siku zote ni dirisha lake," akasema, akaendelea kupaka. Halafu, bila kunitazama: "Ningekuwepo angeniuliza. Angeniuliza, safari hii ningejibu. Na Pinal angemwona anauliza. Miaka minne nimemnyima jibu moja la mdomo ili atafute majibu yake mwenyewe. Sasa mwezi huu ndio niharibu?"

"Ungetuambia, mzee!"

"Ningekwambia wewe, ungemwambia yeye kabla hujafika nyumbani kwako Wanyange."

Ni kweli. Nilimmiminia supu.

Na kabla hamjamwona ni mtu wa moyo wa chuma, mlinzi wetu wa mlangoni, Rehemah, aliniambia jambo kesho yake. Mgonjwa wangu alikuwa amefika hapa mara nne katika wiki zile mbili. Anashuka kwenye boda, kofia ngumu ya boda bado iko kichwani ili asijulikane, anasimama mlangoni kama mteja aliyesahau alichofuata, hewa baridi ya ndani inampiga kwenye vifundo vya miguu, anaitikia kwa kichwa, anapanda boda anarudi. "Nilimjua kwa viatu," Rehemah anasema, "lakini nilimwuliza kama ana miadi." Siku ya mkutano alisimama dakika arobaini juani, nje, na kofia ile. Kwa mtu aliyetumia miaka kumi na minne kupoza wengine, hiyo ndiyo siku pekee tunayojua kwamba alikubali kupata joto kwa ajili ya mtu.

Jumatatu ya wiki hii Bi Pinal alitia saini. Tangi linabaki, la Jinja na la Mbale, na msimamizi wa matangi yote mawili ni Nangila Annah, mwenye daftari. Watu wa Kampala wametumiwa barua ya shukrani. Mimi nimelala usingizi wa kwanza kamili tangu mwezi wa nane.

Bwana Ignatius, unarudi Busiu kwenye mahindi na migomba yako, ambayo tunaamini utayatazama kwa kimya kile kile mpaka yaote yenyewe kwa aibu. Wapangaji wanakushukuru kwa sweta walizonunua kwa sababu yako. Afande Andrew anakupigia saluti. Bwana Shashikant anakushukuru kwamba bili ya umeme sasa anaisoma amesimama. Nami nakushukuru kwa kumnyima binti yangu kila alichokuomba, jambo ambalo mama hawezi kulifanya hata akilipwa.

Maisha yako ya huko mbele yawe mema, yawe marefu, yawe na kivuli. Na Mungu akujalie, mzee wetu, ugonjwa ule ule wa wiki mbili, wa kupaka bati na kupiga mluzi, ukushike miaka thelathini na usipone.