Kondo Ndani ya Kopo

Kwenye basi la mchana, kiti cha mbele yangu, mama wa makamo alipakata kopo la maziwa ya unga lililofungwa kitambaa. Aliyeketi kando yake, mkunga aliyevaa sare, alimuuliza amebeba nini. "Kondo la nyuma la binti yangu. Alijifungua jana alfajiri. Nikilikausha na kulisaga, atalinywa kidogo kidogo."

"Lilikaa wapi tangu jana, dada?"

"Ndooni, wodini. Wamenipa leo."

"Na joto lote hili! Binti alikuwa na homa?"

"Ya uchungu tu."

"Homa haiji bure, dada. Hilo lina vijidudu, na jua haliviui vyote. Litamdhuru yeye na mtoto anayenyonya."

Mama hakupandisha sauti. "Baada ya uzazi wa kwanza nilimkuta kisimani, mguu mmoja umeshaingia. Nimeambiwa hili humrudishia mzazi moyo. Wewe una nini?"

"Ule ni ugonjwa. Hospitali ina dawa."

"Tulikwenda. Mwenye sare kama yako alimwambia ajikaze."

Mkunga aliitazama sare yake. Nilidhani wamemaliza, kumbe bado.

"Sasa hivi yuko na nani?"

"Yuko nyumbani na mtoto tu. Nimetoka kufuata hili."

Basi lilisimama. Mama aliteremka akikimbia, kopo kwapani.